Chama chetu kilianza fyucha bila karatasi: je, tuiandikie CFTC barua?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mweka hazina wa chama cha Wakenya na Watanzania hapa Columbus, Ohio. Tuko 14 na tumechanga jumla ya dola 58,000. Tangu Januari kijana wetu mmoja anatufanyia biashara ya fyucha (mikataba ya kununua au kuuza baadaye kwa bei inayokubaliwa leo) za kahawa na mahindi, kwenye akaunti iliyo kwa jina lake, na tulikubaliana achukue asilimia 10 ya faida. Juzi tulikwenda kufungua akaunti ya chama, broka akatuuliza usajili wetu uko wapi, na kama hatuna, msamaha wetu uko wapi. Hatukuwa na la kumjibu. Kuna bwana anasema tunahitaji barua ya CFTC, ile tume ya soko la fyucha, ya kutochukuliwa hatua, na kwamba ataiandika kwa dola 4,000 bila hata kutaja majina yetu. Ni kweli? Na karatasi zinazotakiwa ni zipi hasa?"

Marahaba, mwanangu. Zile dola 4,000 zibaki kwanza mahali zilipo.

Nilikaa miaka mingi kwenye dawati la kufungulia akaunti hapa Chicago, kazi yangu ikiwa kusoma makaratasi ya watu na kuamua yapi yapite na yapi yarudi. Mengi yaliyorudi hayakuwa na ulaghai ndani yake. Mtu alileta barua ndefu ya wakili pale palipotakiwa notisi fupi ya kujaza kwenye kompyuta, au alijaza notisi kwa jambo ambalo notisi haiwezi kulibeba. Na huyo bwana wenu, katika sentensi moja, amekosea mara tatu. Huenda hamhitaji barua kabisa. Barua isiyo na majina haipokelewi. Na barua ya aina hiyo huombwa kwa jambo mnalokusudia kulifanya, nanyi mmekuwa mkilifanya tangu Januari.

Tuanze na kwa nini broka aliuliza. Ninyi mnajiona ndugu wanaochangiana. Sheria ya Marekani inaona pesa za watu wengi zilizowekwa chungu kimoja ili kufanya fyucha, na chungu hicho inakipa jina maalumu, "commodity pool", ambacho hapa nitakiita mfuko, na ina mtu inayemtambua kuwa mwendeshaji wake. Mwendeshaji anatakiwa ajisajili na CFTC, tume ya serikali kuu iliyoundwa mwaka 1974 kusimamia soko hili, isipokuwa kama ana msamaha. Usajili wenyewe, pamoja na hizo notisi za msamaha, hupitia NFA, chombo cha wenye soko kilichoko hapa Chicago. Wanachama wa NFA hawaruhusiwi kufanya biashara na mtu ambaye alipaswa kusajiliwa na hakusajiliwa, ndiyo maana yule broka alikukazia macho. Alikuwa anajilinda yeye.

Usajili kamili ni safari: alama za vidole, mtihani unaoitwa Series 3, uanachama wa NFA na ada zake, hati ndefu ya kuwaeleza wawekezaji, hesabu za kila mwaka. Kwa chama cha watu 14 wenye dola 58,000 ni kununua lori la kubebea debe moja la mahindi. Serikali yenyewe inalijua hilo, na ndiyo maana kanuni ya 4.13 ya CFTC imeacha milango midogo kadhaa. Miwili inawahusu.

Mlango wa kwanza, 4.13(a)(1), ungewafaa vyama vingi vya kwetu kama visingekuwa na tamaa kidogo. Unamtaka mwendeshaji asilipwe chochote kwa kazi hiyo, moja kwa moja wala kwa kuzunguka, ila kurudishiwa gharama za kawaida za uendeshaji. Anatakiwa awe anaendesha mfuko mmoja tu kwa wakati mmoja. Na pasiwe na matangazo ya aina yoyote, iwe na yeye au na mtu mwingine aliye ndani ya mfuko. Kupiga simu kwa watu mmoja baada ya mwingine kwa mpango, au kuita semina ya kuwavutia wajiunge, nako kunahesabiwa kuwa tangazo. Zile "flaya" mnazorusha kwenye magrupu ya WhatsApp ya jumuiya kila sikukuu, mwanangu, zingewafungia mlango huu.

Nyinyi asilimia 10 ya kijana imeshawatoa hapo. Mnaweza kuifuta mkarudi, na kwa kweli ningependa mfanye hivyo, lakini hilo ni la kikao chenu. Msipoifuta, tazameni mlango wa pili, 4.13(a)(2). Huu haukatazi malipo. Unaweka mipaka miwili: mfuko usiwe na washiriki zaidi ya 15 wakati wowote, na michango yote iliyopokelewa, kwa mifuko yote ya mwendeshaji huyo, isizidi dola 400,000. Neno la kushika hapo ni michango. Hesabu ni ya kilichoingia. Salio la leo halihusiki, na hasara haikurudishii nafasi. Katika hesabu hizo mbili unaruhusiwa kuwatoa mwendeshaji mwenyewe, mshauri wa biashara na wakuu wao, pamoja na watoto, ndugu wa kuzaliwa, wazazi na wenzi wa ndoa wa hao. Kwa hiyo huenda nyinyi 14 mbele ya kanuni mko 10 au 11. Lakini usianze kumwita kila Mluo au kila Mchaga "ndugu yangu". Hapo ndugu ni wa tumbo; wa ukoo hahesabiwi, ila jamaa anayeishi nao nyumba moja.

Karatasi za mlango wowote kati ya hiyo miwili ni chache kiasi cha kukuchekesha baada ya kusikia dola 4,000. Ni notisi inayojazwa kwenye mfumo wa NFA wa mtandaoni. Inataka jina la mwendeshaji, anwani kuu ya biashara, simu na barua pepe. Inataka jina la mfuko. Inataka useme ni kifungu kipi unachokiegemea na uahidi kwamba mfuko utaendeshwa kwa kukifuata. Tangu kanuni ilipobadilishwa mwaka 2020, inataka pia uthibitishe kwamba wewe na wakuu wako hamna doa la kisheria linalomzuia mtu kusajiliwa, mfano hatia ya wizi au udanganyifu wa pesa ndani ya miaka 10, au usajili uliofutwa zamani. Muulize kila anayehusika, ana kwa ana, na aandike jibu lake. Usiseme "huyu namjua, ni mtu wa kanisani". Ada ya kuwasilisha notisi hakuna. Inaanza kufanya kazi mara inapowasilishwa ikiwa kamili, bila kusubiri mtu aikubali.

Kutosubiri kibali kuna upande wa pili. Nimewahi kuona chama kimechapisha notisi yake, kikaiwekea fremu na kuandika juu "Tumeidhinishwa na serikali ya Marekani". Hakuna aliyewaidhinisha. Wao ndio waliojisemea, na kama walichojisemea si kweli, shida ni yao peke yao. Vilevile kifungu cha sheria kinachokataza waendeshaji kuwadanganya washiriki kinawafunga hata wenye msamaha.

Wakati wa kuiwasilisha umeandikwa: isiwe baada ya saa unayomkabidhi mshiriki mtarajiwa mkataba wa kujiunga. Notisi kwanza, mkataba baadaye, pesa mwisho. Nyinyi mmeanza na pesa.

Hili la kuanza na pesa lina nyufa mbili, na ya jina la akaunti inanisumbua kuliko ya notisi. Kanuni ya 4.20 inataka mfuko uwe kitu kinachojitegemea kisheria, mbali na mwendeshaji; pesa zipokelewe kwa jina la mfuko; na zisichanganywe na za mtu mwingine yeyote. Pesa zenu sasa ziko kwa jina la kijana. Mbele ya mdai wake, mke wake wa talaka au hospitali inayomdai, ni mali yake. Sisemi kijana ni mbaya. Simjui. Nasema gari lake likigonga mtu kesho huko Columbus, dola 58,000 za watu 14 zinaanza kutafutiwa mwenyewe mahakamani.

Kwa hiyo utaratibu ningeuanzia hapo. Michango mipya isimame. Kijana afunge biashara zilizo wazi kwa utulivu, bila kukimbia, na pesa zirudi kwa wenyewe kwa hesabu iliyoandikwa na kusainiwa na kila mmoja. Sajilini kampuni ya LLC, yaani yenye dhima yenye kikomo, kwa jimbo la Ohio, mpate namba ya kodi, na katiba yake iseme nani anaingiaje na anatokaje. LLC ndiyo itakuwa mfuko, na meneja wake ndiye mwendeshaji, mtu mwenye jina na sura. Chagueni mtu huyo mkijua kwamba ndiye atakayetia saini na kuulizwa. Ndipo meneja awasilishe notisi. Kisha wanachama wapewe mkataba wa kujiunga, wasaini, na pesa ziingie akaunti ya LLC kwa broka. Nenda na nakala ya notisi; broka ataitafuta mwenyewe kwenye daftari la wazi la NFA linaloitwa BASIC, na hata wewe unaweza kujitafuta humo.

Kijana naye ana swali lake, kwa kuwa anayewashauri watu fyucha kwa malipo huwa ni mshauri wa biashara na ana usajili wake. Kwa kawaida asiyewashauri watu zaidi ya 15 katika miezi 12 na asiyejitangaza kuwa mshauri hahitaji kusajiliwa, wala hakuna notisi ya kujaza. Muulize kama ana vyama vingine anavyovifanyia. Wengi wanavyo, na hawasemi mpaka waulizwe. Na kama baadhi ya wanachama ni wa kuweka pesa na kulala, bila kushiriki maamuzi, hisa zao zinaweza kuhesabiwa kuwa dhamana za uwekezaji ("securities") mbele ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa, na mbele ya jimbo. Huko kuna karatasi nyingine, Fomu D, ambayo huwasilishwa ndani ya siku 15 tangu mauzo ya kwanza. Hapo ndipo pa kumlipa wakili wa kweli saa moja au mbili.

Sasa barua.

Barua inakuja pale ambapo hakuna mlango unaowatosha. Nitatunga mfano ulio karibu na maisha yetu. Tuseme mmefika washiriki 15 wa kuhesabika, mko ndani ya mstari. Mmoja anafariki, Mungu apishe mbali, na mirathi inatoa hisa yake kwa watoto watatu. Wakiingia mnakuwa 17. Hakuna aliyevutwa kwa tangazo na hakuna senti mpya, lakini mstari umevukwa. Kabla ya kuwaza barua, ulizeni kama warithi wanaweza kulipwa fedha taslimu wakatoka. Wakikubali, hamna haja ya kuandika chochote kwa mtu yeyote. Wakikataa, au kulipwa kukiwaumiza, ndipo mnafungua kanuni ya 140.99.

Kanuni hiyo inataja barua za aina tatu, na unatakiwa useme unaomba ipi. Barua ya msamaha inakuondolea kabisa takwa fulani, nayo inaifunga tume nzima, lakini hutolewa tu pale tume yenyewe ina mamlaka ya kusamehe na imeyakabidhi kwa maofisa wake. Barua ya kutochukuliwa hatua ni dhaifu zaidi kuliko jina lake. Idara moja inasema kwamba haitapendekeza kwa tume kwamba ushtakiwe, mradi ufanye vile ulivyoeleza. Inaifunga idara hiyo tu. Tume haifungwi nayo, wala idara nyingine, wala jirani yako aliyekufungulia kesi. Barua ya ufafanuzi inaeleza kanuni ina maana gani, na hiyo peke yake wengine wasioiomba wanaweza kuiegemea. Zile mbili za kwanza ni za aliyetajwa ndani yake, basi. Kwa hiyo chama cha Minneapolis kikikuonyesha barua yake kwa fahari, mpongeze, kisha endelea kutafuta yako. Unaruhusiwa kuomba msamaha na kusema kwamba ukikataliwa, ombi lichukuliwe kuwa la kutochukuliwa hatua. Karibu kila anayejua kazi hii huandika hivyo.

Ndani ya ombi kuna nini? Jina, anwani kuu ya biashara na simu ya mnayeombewa, na namba yake ya NFA kama anayo. Kama mwandishi ni wakili, na yake pia. Hapo ndipo yule bwana anapoanguka: kanuni inasema maofisa hawatajibu ombi la mtu asiyetajwa. Hawajibu pia mambo ya kufikirika, ya "je, mtu akifanya hivi itakuwaje". Ombi linakwenda kwa mkurugenzi wa idara husika, na kwa mambo ya waendeshaji mifuko ni Idara ya Washiriki wa Soko. Liandikwe, litiwe saini, litumwe kwa njia ya kielektroniki. Ada ya kuliwasilisha hakuna.

Halafu linakuja simulizi la ukweli wenyewe, na hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Watu wetu wanaandika kwa heshima na huzuni: sisi ni jamii ya wahamiaji, tunapendana, tunaomba mtufikirie. Afisa anasoma kurasa mbili na bado hajui mko wangapi. Anachotaka ni hiki: mfuko ulianza lini, notisi iliwasilishwa tarehe gani, michango kwa jumla ni dola ngapi, washiriki ni 15 na wako hivi, fulani alifariki tarehe hii, hisa yake ni asilimia kadhaa, warithi ni watatu na wana umri huu, hawataongeza senti, hawatapewa nafasi ya kuwauzia wengine. Huzuni yenu itaonekana humo humo bila kutajwa.

Baada ya ukweli, hoja. Taja kanuni inayowabana, sema kwa nini lengo lake haliguswi na jambo lenu, na kwa nini maslahi ya umma hayadhuriki. Kisha tafuta barua za zamani. Ziko wazi kwenye tovuti ya CFTC, zimepangwa kwa mwaka na namba. Kanuni inakutaka utaje zile zinazofanana na jambo lako, na hasa masharti waliyopewa wenzako kabla ya kukubaliwa. Na inakutaka utaje pia zinazokupinga, uzijadili. Waombaji wengi hapa wanapata woga, wanaficha ile barua moja iliyomkatalia mtu kama wao. Mficha uchi hazai. Afisa anayekusomea ndiye aliyeandika ile ya kukataa, au anakaa meza ya pili kutoka kwa aliyeiandika. Ukiitaja wewe kwanza na kuonyesha tofauti, umemrahisishia kazi. Akiigundua yeye, hata lile la kweli ulilosema analisoma kwa jicho moja.

Jipendekezee masharti mwenyewe. Hili kanuni haiwalazimishi, ni ushauri wangu. Semeni: warithi tu, hakuna mshiriki mwingine mpya mpaka turudi 15, na ndani ya miezi 12 tutakuwa tumerudi. Afisa asiyeona mwisho wa jambo hulikataa.

Kuna karatasi mbili fupi ambazo bila hizo ombi ni kilema. Ya kwanza ni uthibitisho wa mtu anayeujua ukweli mwenyewe, yaani wewe au meneja. Wakili hawezi kuwasainia huo. Kanuni imetoa hata maneno ya mfano, ambayo kwa Kiswahili chetu ni kama: ninathibitisha kwamba mambo ya msingi yaliyoelezwa katika barua iliyoambatishwa ya tarehe fulani ni ya kweli na kamili kadiri ninavyojua. Ya pili ni ahadi kwamba, kabla barua haijatoka, jambo lolote la msingi likibadilika mtawaarifu upesi na kwa maandishi. Mrithi mmoja akiuza hisa, andika. Kijana akiacha kazi, andika. Saini hiyo ina meno. Kumdanganya ofisa wa serikali kuu kwa kujua ni kosa la jinai kule, na kifungo chake kinafika miaka 5.

Kuhusu siri, watu huchanganya maombi mawili. Barua zikitolewa huchapishwa, na majibu yenu yatasomwa na dunia. Mnaweza kuomba uchapishaji ucheleweshwe, lakini si zaidi ya siku 120 tangu jibu litoke. Ombi la pili ni la kukinga taarifa fulani ndani ya viambatisho zisipewe mtu anayeziomba kwa sheria ya uhuru wa habari. Hilo huandikwa peke yake, likionyesha kurasa zenyewe. Lakini njia bora ya kutunza namba za kitambulisho za wanachama ni kutozituma kama hazikuombwa.

Kisha mnasubiri, na hakuna tarehe ya kudai jibu. Kwetu bibi harusi akinyamaza, wazee husema amekubali. Washington si hivyo: kanuni inasema kutojibu kwao si kibali, na jibu halina nguvu mpaka liwe la maandishi, limesainiwa na ofisa mwenye mamlaka na kutumwa. Aliyekwambia kwenye simu "naona hamna tatizo" amekusalimia tu. Kukubali au kukataa ni hiari yao. Mkiamua kuacha njiani, mnaondoa ombi kwa maandishi, na mnatakiwa mseme kama bado mtaendelea na lile jambo au la. Swali hilo lina mtego wake, fikirini kabla ya kulijibu.

Narudi kwenye miezi yenu tangu Januari. Kanuni inasema kwamba, pasipo mazingira yasiyo ya kawaida kabisa, maofisa hawatoi barua kwa shughuli iliyokwisha kufanyika au kuanza kabla ya ombi kufika. Chama kilichoanza kwa kutojua kanuni hakina mazingira yasiyo ya kawaida. Kwa kweli ndiyo hali ya kawaida kuliko zote. Kwa hiyo msiandike barua ya kujifanya mnakusudia kuanza. Wala msiweke notisi na kuandika kwenye vitabu tarehe ya Desemba. Mfumo wa NFA unaandika siku yenyewe, na hapo kosa la kuchelewa linageuka kuwa kosa la uongo, ambalo ni zito zaidi. Zimeni shughuli ya zamani, anzeni mpya kwa mpangilio, na suala la kujieleza au kutojieleza kwa yaliyopita mlijadili faraghani na wakili wa mambo haya, mkiwa na hesabu kamili mkononi. Hizo pesa ndizo ningemlipa mtu.

Mkishapata msamaha, kazi haijaisha. Kila mwaka wa kalenda ukiisha mna siku 60 za kuuthibitisha upya kwenye mfumo. Mkisahau, mnahesabiwa kuwa mmejiondoa. Anwani au taarifa nyingine ikibadilika, notisi irekebishwe ndani ya siku 15 za kazi. Kila mshiriki apewe upesi nakala ya taarifa ya mwezi inayotoka kwa broka, ikionyesha faida au hasara ya biashara zilizofungwa. Vitabu na kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Ningehesabu humo mihutasari ya vikao na zile jumbe za WhatsApp mnazoamuliana kununua na kuuza, kwa hiyo anayependa kufuta grupu kila akikasirika asiwe msimamizi wake.

Na niruhusu nitoke nje ya swali kidogo. Mkataba mmoja wa kahawa ya arabika wa soko la New York ni ratili 37,500. Kahawa yetu ya Kenya na Tanzania ni miongoni mwa zinazokubalika kukabidhiwa humo, na najua hilo limewapa kijana wenu na nyinyi wote ujasiri wa kinyumbani. Lakini tuseme bei ni dola 3 kwa ratili: mkataba mmoja una thamani ya dola 112,500, karibu mara mbili ya mfuko wenu wote. Bei ikishuka senti 10, ambayo kahawa huishuka kabla ya chakula cha mchana, mmepoteza dola 3,750. Muulize kijana amekuwa akishika mikataba mingapi kwa wakati mmoja. Hakuna msamaha wa CFTC unaofunika hilo.

Wiki hii anza na daftari la wanachama: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, alichochanga na tarehe zake, uhusiano wake na meneja, na jibu lake kuhusu lile doa la kisheria. Ukimaliza, niandikie tena. Kama bado kuna "Baba Asha" au "Mama Kevo" hata mmoja ndani yake, hujamaliza.